Karatasi ya Mzee Ditram

Kila asubuhi kabla ya shule, Ziada alipeleka maandazi ya mama yake stesheni ya Kimamba, na andazi la kwanza lilikuwa la Mzee Ditram. Mzee huyo alipigana vita vya Kagera. Sasa alilala kwenye ghala bovu la mkonge, na mguu wake ulioumia vitani ulikuwa umeanza kutoa usaha.

Jumatatu alimkuta amefura kwa hasira. "Nimeibiwa! Karatasi yangu ya jeshi haimo kwenye kopo!"

Ziada akakumbuka. Jumamosi, mzee akiwa mtoni kuoga, karatasi za kufungia maandazi zilimwishia. Akachota za kwenye kopo lile, akidhani ni takataka. Lakini alinyamaza.

Jumatano mama yake alimpeleka mzee kwa mtendaji kuomba msaada wa matibabu, Ziada akiwafuata nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema mtendaji. "Barua ya kutibiwa bure nitaandika. Balozi wako wa nyumba kumi ni nani?"

"Balozi wa ghala? Labda popo!"

"Basi nipe karatasi ya jeshi."

"Imeibiwa! Nimesema mara ngapi?"

"Sasa mimi nifanyeje, mzee wangu?"

Jamani! Mtu alipigania nchi nzima, leo hana hata nyumba kumi za kumtambua. Mzee Ditram aligonga meza kwa hasira, kisha akashika mguu wake akigumia kwa maumivu. Usaha ulikuwa umelowesha kitambaa.

Ziada akashindwa kuvumilia. "Hakuna mwizi. Ni mimi! Karatasi za koponi nilifungia maandazi. Ile yenye muhuri nilimpa fundi baiskeli, Octavian."

 Mama alimshika mkono, wakaenda mbio kwa fundi. Octavian alikuwa ameitandika chini ya kopo la grisi. Ilichafuka, lakini jina na namba vilisomeka. Waliporudi nayo, mtendaji akaandika barua palepale.

"Nisamehe, babu," Ziada alilia.

"Kuichukua ulikosea, na watoto hukosea," alisema mzee kwa ukali. "Lakini ungesema Jumatatu, mguu huu ungeoshwa Jumatatu. Siku mbili nimeteseka kwa sababu ulinyamaza. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyohiyo."

"Na wewe, mzee, ghalani hurudi tena," mama aliongeza. "Kuna chumba uani kwetu. Balozi wetu atakuandika."

Walipotoka zahanati jioni, mguu ukiwa na bendeji safi, Ziada alitangulia nyumbani kukifagia chumba hicho.