Mrithi Asiyejua Kusema Hapana

"Betri yenu imeniua!"

Duka zima la vifaa vya ujenzi liligeuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya mafundi, watu wamebanana kwenye kaunta wakigombea misumari, rangi na mabomba. Katikati yao alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililonyooka kwa pasi, nywele amezibana kwa kalamu, mikononi amebeba betri ya kuhifadhia umeme.

"Imekuuaje na sauti yote hiyo unayo, dada?" aliuliza kijana mrefu nyuma ya kaunta. Shati lake lilikuwa jeupe, mikono ameikunja, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo.

"Usinitanie, kaka. Nilikuwa kwenye mtihani wa kuomba masomo ya uzamivu, kwa mtandao. Umeme ukakatika. Hii betri mliyoapa kwamba inakaa saa nne ikazima nikiwa swali la pili! Mtihani ukafungwa, mpaka msimu ujao. Nipeni nyingine."

Bosi Mdogo alijua mwanamke yule ana haki. Shehena ile yote ya betri ilikuwa mbovu na yeye mwenyewe alishasema. Lakini badala ya kumpa nyingine, aligeuza shingo kumtazama Bi Mkubwa, mama yake, mwanzilishi wa duka, aliyekaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kilichotoka dukani hakirudi," Bi Mkubwa alisema bila kuinua macho.

"Hakirudi, dada," Bosi Mdogo akasema.

"Kumbe wewe si bosi. Wewe ni mwangwi!"

Akatoka na betri yake. Mwangwi akamfuata mpaka nje juani, akamwomba radhi, kisha, kwa kuwa macho ya dada mwenye hasira yalikuwa mazuri kupita kiasi, akamwomba na namba ya simu. Alipewa. Msiniulize kwa nini, mapenzi hayana adabu.

Basi simu zikaanza.

"Dokta wangu, umekula?"

"Sijawa dokta. Usinitilie nuksi."

"Utakuwa. Na mimi nitakuwa mume wa dokta, nikipita watu wanapisha."

"Nani kakwambia nitaolewa na mwangwi?"

Walicheka sana siku zile, lakini kicheko chake Dokta kilikuwa kifupi. Alikuwa mwalimu wa vipindi katika chuo cha biashara, anafundisha uongozi wa kampuni wakati mwenyewe hana hata meza. Mkuu wa idara alishawaambia: asiyejiandikisha uzamivu kufikia mwaka ujao, vipindi atavisikia kwa wenzake. Kwa hiyo akaomba. Jamani, aliomba! Profesa mmoja alimsifia wazo lake, halafu akamjulisha kwamba anastaafu. Wa pili alimtaka atafute kwanza msimamizi, na wasimamizi wote wakamtaka apate kwanza nafasi. Chuo cha tatu kilimwandikia barua nzuri ya masikitiko iliyokuwa na jina la mtu mwingine kabisa.

"Hata kunikataa vizuri wameshindwa!" alilia kwenye simu.

"Pole, mpenzi. Hicho chuo chenyewe hakikufai."

"Chuo kilichonikataa kikifa kwa kunikosa nitaamini."

Mada yake ilikuwa biashara za kifamilia: kwa nini hufa zinapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Bosi Mdogo hakuwahi kuuliza zaidi, alisema mambo ya wasomi yanampa usingizi. Naye Dokta hakuwahi kumwambia mada ile alikuwa ameinolea wapi. Hapo ndipo alipokosea.

Mwishowe chuo kimoja kikamwita kwenye usaili kwa njia ya video. Siku yenyewe umeme ukakatika, kama kawaida yake. Bosi Mdogo akampandisha kwenye ofisi ya juu ya duka, akawasha jenereta, akamfutia kiti. Dokta alivaa koti la bluu na hereni ndogo, akirudia majibu yake kwa kunong'ona.

"Utawamaliza," alimwambia, akashuka kumletea maji.

Aliporudi na glasi, ukuta wa mbao haukuficha kitu. Sauti ya profesa mmoja wa jopo ilikuwa inauliza mfano.

"Kuna duka ninalolijua kwa karibu," Dokta alijibu, sauti imekaa sawa sasa. "Mwanzilishi ni mama hodari. Mrithi ana akili ya biashara kuliko hata mama yake. Lakini hajawahi kumwambia mama yake hapana, hata mara moja. Mama akiondoka, hilo duka halimalizi miaka mitano."

Bosi Mdogo aliiweka glasi kwenye ngazi, akashuka taratibu. Wauzaji wawili na Bi Mkubwa walikuwa chini, na wote walikuwa wamesikia.

"Mrithi!" alimwambia jioni ile, wamesimama nje ya geti la nyumba aliyopanga Dokta. "Mimi ndiye mrithi?"

"Sikukutaja jina."

"Afadhali ungenitaja! Kila jioni, 'Mpenzi, leo dukani mmeamuaje?' Nikajua napendwa. Kumbe nachunguzwa!"

"Nilikuuliza kwa sababu nakupenda."

"Na ukawahadithia wageni kwa sababu gani?"

Dokta alikuwa amelijibu jopo zima vizuri. Jibu alilompa mpenzi wake, bora angelimeza. Ulimi hauna mfupa.

"Kwani nimesema uongo?"

Bosi Mdogo akaondoka. Tangu hapo Dokta akimpigia, simu iliita mpaka ikachoka.

Majibu ya chuo yalikuja Jumatatu. Amekubaliwa! Kwa sharti moja: kufikia Ijumaa, alete ridhaa ya biashara ya kifamilia itakayokubali kufuatiliwa miaka mitatu. Bila hiyo, nafasi anapewa mwingine.

Alizunguka na viatu vyake vya usaili. Kwenye kiwanda cha samani walimwambia watafiti wakiondoka huja watu wa kodi. Kwenye duka la mikate mzee alicheka kwa uchungu: "Mimi na mwanangu hatusemezani, binti. Utafuatilia nini?" Mwenye malori hakumkaribisha hata kiti. Alhamisi mchana alikaa kwenye benchi la mbele ya benki, akavua viatu, akalia kwa hasira hadharani. Simu ilikuwa mkononi. Hakumpigia Bosi Mdogo. Angempigia leo, angeamini kilichotafutwa ni sahihi yake tu. Heri akose vyote.

Mchana uleule, Bi Mkubwa alikuwa akitoa amri dukani.

"Agiza mabati, yaleyale ya siku zote. Na yule msichana aliyetutabiria kifo kwa jenereta langu mwenyewe, asikanyage hapa."

Bosi Mdogo alifungua mdomo kwa ile "ndiyo, Mama" yake. Haikutoka.

"Hapana, Mama."

Fundi aliyekuwa akipima waya aliacha kupima.

"Unasemaje?"

"Mabati hatuagizi, stoo imejaa na wateja hawayataki. Na yeye atakanyaga. Nampenda. Alichosema ni kweli, ndiyo maana kimeniuma."

"Kuna jingine?"

"Lipo," akasema, na akalisema.

Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akairudisha.

"Nilidhani nimezaa masikio matupu," alisema. "Kumbe na mdomo upo. Ya mabati nitayafikiria."

Ijumaa asubuhi Dokta alitoka darasani, chaki kwenye kiwiko, macho yamevimba. Bosi Mdogo alikuwa ameegemea ukuta, ameshika bahasha.

"Ridhaa ya duka letu hii. Nimesikia unazunguka mji mzima."

Dokta hakuipokea. "Nisikilize kwanza. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu: usimchunguze mtu bila kumwomba. Nikamchunguza mtu ninayempenda kuliko wote. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kuna tatizo."

"Lipi tena?"

"Nimemwambia Mama hapana. Mara tatu."

Dokta alimrukia shingoni. Halafu akamwachia, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Utafiti wangu! Wote umesimama juu ya wewe kushindwa kusema hapana!"

"Nikarudi nikaseme ndiyo?"

"Thubutu!"

Wakacheka mpaka wanafunzi wakachungulia dirishani. Angeandika upya, na safari hii angemuuliza kwanza. Simu ya Bosi Mdogo ikaita. Alisikiliza, akamkabidhi Dokta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huo utafiti nimeukubali. Lakini maswali utaanza na mimi. Duka nimelianzisha mimi, si huyo."

"Sawa, Mama."

"Na ukija, uje na ile betri yako uchukue nyingine."

Dokta alimtazama Bosi Mdogo, ambaye ghafla alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Lakini Mama, si ulisema kilichotoka dukani hakirudi?"

"Nilisema," Bi Mkubwa alijibu. "Nikaambiwa hapana."