Doa Nyuma ya Sikio

Ukitaka kujua mji unaumwa nini, usiulize redio. Nenda asubuhi kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, usimame karibu na mlango, usikilize. Siku hiyo ukumbi ulikuwa umefurika: watoto wanalia, wazee wanakohoa, kinamama wanagombea upepo wa feni moja. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja yuko juu ya ngazi, kofia ya gazeti kichwani, suruali haijulikani ilinunuliwa ikiwa ya rangi gani, anachora ukuta mzima huku anapiga mluzi.

Chini yake akapita msichana wa maabara na trei ya vichupa vya damu. Koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, nywele kazibana kisogoni, raba za bluu miguuni. Tone la rangi ya manjano likaanguka, likamtua begani.

"We fundi! Una macho?"

"Samahani, dada. Hilo lilikuwa linakwenda kwenye homa ya manjano, likapotea njia."

Benchi zima likacheka. Msichana akainua uso ajibu kwa ukali, macho yakanasa ukutani, akasahau koti. Daktari mkuu alikuwa ameagiza koo za virusi zichorwe kama mtaa, kila ukoo na nyumba yake, ili watu wanaposubiri wapate la kusoma kuliko kusengenyana.

"Nani kakwambia tetekuwanga anakaa nyumba ya ndui?"

"Akili yangu. Si wote wanaleta vipele?"

"Watu hawapangwi ukoo kwa nguo walizovaa. Surua umemweka na matubwitubwi, hapo umepatia."

"Bahati."

"Najua. Sasa tetekuwanga ni wa nyumba hii hapa, pamoja na yule wa vidonda vya mdomoni. Tabia yao moja: ukipona, hawaondoki. Wanajificha kwenye mishipa ya fahamu, wanalala. Siku tetekuwanga akiamka mtu ni mzima, anakuja na jina jipya. Mkanda wa jeshi."

"Lo! Mpangaji asiyehama."

"Ndiye. Na huyu mwenye mapembe?"

"Wa ukimwi. Nimempa na meno."

"Futa. Watu wanaoishi na kirusi hicho wanakaa benchi hilihili, wanamtazama."

"Si lazima aogopwe?"

"Anaogopwa vya kutosha, fundi. Watu wanakufa kwa kuogopa kupima."

Fundi akasema atafuta. Hakufuta. Mapembe yale aliyapenda, yalimtoka vizuri. Lakini mchana alikwenda dirisha la maabara na sabuni ya kutolea madoa, na wafanyakazi wa humo wakamwita msichana, "Darubini, mgeni wako!" Jina hilo walimpa kwa kuwa hakuna kilichompita. Kijana naye walimwita Fundi Rangi, na tangu siku hiyo akawa na sababu nyingi za kupita dirishani. Leo kauliza dengue inakaa wapi, kesho kapewa jibu, keshokutwa kalisahau.

"Si nilikwambia? Jirani na homa ya manjano, ukoo mmoja, na usafiri wao mmoja, mbu."

"Nimesahau, mpenzi."

"Mpenzi nani?"

"Homa ya manjano."

Kufikia hapo hata mlinzi wa geti alijua.

Mchana mmoja walikaa nyuma ya maabara wakigawana chungwa. Fundi akamtazama kando ya shingo.

"Kuna mtu kakudondoshea rangi hapa kabla yangu. Nyuma ya sikio. Kidoa, kama ncha ya brashi."

"Sijawahi kukiona. Mtu ataonaje nyuma ya sikio lake?"

"Basi changu. Mimi ndiye niliyekigundua."

"Haya, chukua," akacheka. "Ngozi yangu nyingine yote haina doa. Mtaa mzima ulipougua tetekuwanga, mama alinifungia ndani. Mpaka leo sijaugua. Kazini wananicheka."

Mambo yakaenda mpaka kwa shangazi. Katika familia ile baba alikuwa mpole, na neno la posa lilikuwa la dada yake. Shangazi akasikiliza, akauliza kazi, akauliza ukoo, akasema, "Haya, watu wake waje tuwaone."

Wiki ileile ubavu wa kushoto wa Fundi Rangi ukaanza kuwaka. Alidhani ni ngazi. Akachua, akameza vidonge vya maumivu, hata shati likawa linamuuma likimgusa. Kisha vikatoka: malengelenge madogo yamejipanga kuanzia mgongoni kuzunguka hadi kifuani, upande mmoja tu. Hakutaka kwenda hospitali ile. Akaenda zahanati ya mbali.

"Mkanda wa jeshi," tabibu akasema. "Nitakupa dawa. Funika vidonda, na mpaka vikauke kaa mbali na wajawazito na wasiowahi kuugua tetekuwanga, utawaambukiza." Akashusha sauti. "Inaweza kuwa uchovu tu. Ila kwa umri wako, kijana, ningekushauri upime na VVU."

Fundi akachukua dawa, akatoka. Kupima hakupima. Njiani alimwona yule wa mapembe kila alipofumba macho. Akahamia kwa dada yake mshona nguo, akajilaza chumba cha nyuma ya cherehani. Simu ikalia.

"Fundi wangu, umepotea. Ukuta uko nusu, tetekuwanga bado yuko nyumba ya ndui."

"Nina kazi nyingine, mpenzi."

"Wapi? Nije nikuletee chungwa."

"Usije!"

"Mbona unanifokea?"

"Sikufokei. Usije tu. Nitakwambia baadaye."

Na hapo hapo, kutoka nyuma, sauti ya mwanamke, tamu na ya haraka: "Vua shati basi nikupake, mikono yangu imeshalowa!"

"Darubini? Haloo?"

Simu ilishakatwa. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Dada yake, chupa ya dawa ya kupaka mkononi, akauliza, "Nimefanya nini?"

"Umeniachisha mke, dada. Basi tu."

"Mpigie umwambie!"

"Nimwambie nini? Kwamba nina hiki, na pengine na kile kingine? Akisikia atakuja mbio, na yeye tetekuwanga hajaugua. Bora anichukie akiwa mzima."

Ni upumbavu, lakini upumbavu wa namna hiyo huwapata watu wenye moyo. Darubini naye alifanya kazi kwa uso mkavu, akiwachoma watu sindano bila kuwaambia pole. Akipita ukumbini hageuki ukutani. Wenzake wakajifanya hawaoni.

Aliyekatiza mambo ni shangazi. Shangazi haozeshi mtoto wa kaka yake kwa kuambiwa. Alibeba kitambaa chake cha zambarau akaenda kwa yule mshonaji, dada yake Fundi, kisingizio gauni, nia kupeleleza. Alipimwa kifua, akapimwa kiuno, na pazia la chumba cha nyuma likapeperuka. Akaona. Gauni akaliacha hapohapo, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta Darubini anafua lile koti.

"Mwanangu, kaa chini. Posa imekufa. Yule kijana wako ana mkanda wa jeshi! Nimeuona kwa macho haya, umemzunguka ubavu. Na kila mtu anajua mkanda ni tarumbeta ya ugonjwa gani."

"Umemwona wapi?"

"Kwa dada yake, yule mshonaji. Amelala kifua wazi, dada mtu anampaka dawa kama mtoto."

"Dada yake ndiye anayempaka?"

"Si ndiyo nakwambia!"

Darubini akaanza kucheka. Alicheka povu likamrukia usoni, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Maskini, keshapagawa," shangazi akasema.

"Shangazi, nakushukuru! Mimi nilidhani ana mwanamke. Kumbe amejificha kwa sababu yangu. Mkanda na tetekuwanga ni kirusi kimoja, na mimi nilimwambia sijaugua."

Shangazi akatazama paa, akatazama miguu yake.

"Nani kakwambia hujaugua?"

"Mama."

"Mama yako! Ulikuja kwangu likizo, ukajaa vipele toka utosini. Nilikuogesha, nilikulalia macho, mikono nikakufunga vitambaa usijikune. Hata hivyo kimoja ulikitumbua, nyuma ya sikio. Doa lake hilo. Nilipokurudisha umepona sikusema, maana mama yako angenila nyama mbichi."

Darubini akapeleka vidole vilivyolowa nyuma ya sikio. Akalipapasa lile doa, na safari hii machozi yakamtoka.

"Shangazi, ulinilalia macho na vipele vile, hukunikimbia. Leo mwenzangu kapata kirusi kilekile, unamkimbia? Unampanga ukoo kwa vipele."

"Na kama ana kile kingine?"

"Akiwa nacho atameza vidonge, na mimi nitamkumbusha saa."

Hakumaliza kufua. Alikwenda na nguo zilizolowa mikono, akampita mshonaji kwa "shikamoo, dada" moja, akashika pazia.

"Usiingie!" Fundi akaruka kitandani, akavuta shuka hadi kidevuni. "Hujaugua tetekuwanga!"

"Nimeugua. Muulize shangazi. Na risiti yangu ulishaigundua wewe mwenyewe, nyuma ya sikio."

Akamweleza. Kijana akashusha shuka kidogo kidogo.

"Tabibu alisema nipime," akasema chini. "Nimeogopa, Darubini. Nikikutwa nacho, neno la posa nakurudishia. Uwe huru."

"Mimi sijakurudishia. Vaa shati laini. Twende."

Walikaa benchi lile la ukumbini, chini ya ukuta. Fundi amekwisha chomwa kidole, wanasubiri aitwe kwa majibu. Fundi aliinuka, akakaa, akainuka tena, benchi likalia, na mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, aliyekuja kuchukua vidonge vyake, akamgeukia.

"Tulia, mwanangu. Mimi ninacho tangu huyu binti hajaota meno. Nimesomesha, nimezika walionicheka, na mwezi huu nacheza na mjukuu." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Ila aliyechora yale mapembe sijui ananitafutia nini. Kila mwezi nakaa hapa, kirusi kile kinanikodolea macho."

Fundi akainama. Kisha akamgeukia Darubini, hakungoja jina lake liitwe.

"Likitoka lolote mle ndani, utaolewa na mimi?"

"Nilishamjibu shangazi, wewe ukiwa bado umejificha kwa dada yako. Ndiyo."

"Fundi!" muuguzi akaita.

Aliingia, akatoka. Hakuwa nacho. Muuguzi alimwambia arudi baadaye kurudia kipimo, kwa uhakika. Darubini alimshika mkono tu, kwa sababu mzee alikuwa pale pale na furaha nayo ina adabu yake. Mzee ndiye aliyesema, "Hongera, baba," akampigapiga bega la kulia, lile lisilouma.

Ubavu ulipokauka, Fundi Rangi alipanda tena ngazi, Darubini ameishikilia chini, koti lile na doa lake la manjano mwilini. Alianza na mapembe. Akafuta, akafuta na meno, pembeni akachora mzee mwenye kofia ya sufi amembeba mjukuu. Ndipo akamhamisha tetekuwanga nyumbani kwao.

Shangazi akapita amebeba gauni la zambarau, limekwisha shonwa. Akausoma ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho kama mwenye mtaa.

"Jumamosi watu wako waje," akaita juu ya ngazi. "Nawe uje, fundi. Ila safari hii shati ukae nalo."