Shuka Nyuma ya Bweni

Kengele ya kwanza ilipolia, wasichana walikunja blanketi zao na kukimbilia mapipa ya maji. Apiyo, mwanafunzi wa Darasa la Sita, ndiye aliyetoka mwisho. Kila siku alijifanya anatafuta soksi, akainama chini ya kitanda mpaka sauti za wenzake zikafifia uwanjani. Asubuhi nyingine aliwafuata upesi, mikono mitupu, roho nyepesi. Asubuhi nyingine alibaki na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe hakuna aliyeijua.

Kazi ilikuwa kufua shuka lake. Apiyo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na bado alikojoa kitandani, mara mbili au tatu kwa wiki. Hakuthubutu kulianika kwenye kamba za mbele ya bweni, maana huko kila mtu alipita. Nyuma ya bweni, karibu na banda la kuni, alikuwa amegundua waya mwembamba wa shaba uliopita juu kidogo ya bati la banda na kwenda kufungwa kwenye mlingoti wa mkaratusi. Akadhani ni waya uliosahauliwa. Alipanda juu ya jiwe, akatandaza shuka, na wakati wa mapumziko, saa nne u nusu, alirudi mbio kulichukua.

Mwaka huo wa 1991 shule yao, si mbali na ufuo wa Usenge, ilikuwa na redio moja tu, kubwa, yenye mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Ilikaa katika ukumbi wa kulia chakula wa bweni, na saa nne kasorobo Darasa la Sita walienda huko kusikiliza vipindi vya shule. Funguo za kabati lake alipewa Metrine, kiranja mpole aliyelala kitanda cha jirani na Apiyo na aliyemgawia sabuni yake ilipokwisha.

Muhula huo redio ikaanza ukaidi. Jumatatu ilisema vizuri, Jumanne ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mwalimu Irungu aliiinamia kwa subira. Alisafisha ncha za betri kwa kijiwembe, akazianika juani kwenye sinia, akaihamisha redio kutoka mezani hadi dirishani. Aliponunua betri mpya, redio ikasema siku mbili, ya tatu ikakwaruza tena. Jioni alipoijaribu, ilikuwa safi.

"Msomaji amekwenda kuvua omena," akasema mvulana mmoja aliyeitwa Dishon, na darasa zima likacheka.

Ndipo maneno yakaanza kwamba Metrine alikuwa akifungulia muziki peke yake na kumaliza betri. Metrine alikana, akaapa kwa jina la mama yake. Lakini funguo zilikuwa zake, basi nani mwingine? Mwalimu mkuu akaamua kwamba Ijumaa, mbele ya gwaride, atanyang'anywa funguo na beji yake ya uongozi.

Alhamisi Mwalimu Irungu aliamua kueleza redio inavyofanya kazi. Akaweka kidole nyuma ya redio, akaufuata waya mpaka dirishani, akaonyesha nje. Alisema sauti hushuka kwenye waya ule unaokwenda mlingotini, na ukigusa bati tu, sauti hupotelea ardhini.

Apiyo alihisi masikio yanawaka. Shuka lake lilikuwa pale wakati ule ule, zito kwa maji, likiuvuta waya mpaka ukalala juu ya bati. Nayo redio ilikuwa ikikwaruza mbele yake. Alitazama mgongo wa Metrine, akainamisha kichwa.

Mchana hakula. Baada ya masomo alimkuta Mama Seline, mlezi wa bweni, akichambua maharage kwenye ungo. Apiyo aliukwangua ukuta kwa ukucha, kisha akasema.

"Mama, si Metrine. Ni mimi. Shuka langu ndilo linaloziba redio."

Mama Seline aliuliza shuka lilifika vipi huko, na Apiyo akamweleza yote huku amefunika uso kwa kola ya sare. Yule mama hakucheka. Alisukuma ungo kando.

"Nyathina, mwanangu, naweza kumwambia mwalimu mkuu sasa hivi, na jina lako nisilitaje."

Apiyo alifikiri. "Watasema umemtetea tu. Nitasema mwenyewe."

Ijumaa, kabla ya gwaride, kwa ombi la Apiyo, Mwalimu Irungu aliita darasa nyuma ya bweni na kuiweka redio dirishani. Ilisema wazi. Apiyo akapanda juu ya jiwe, akatandaza shuka lililolowa, na redio ikakwaruza. Akaliondoa, sauti ikarudi. Mwalimu mkuu mwenyewe alishuhudia.

"Kwani wewe hufua shuka kila siku? Wewe ni hospitali?" akauliza Dishon.

Apiyo alishuka jiweni. "Ninakojoa kitandani," alisema. "Nilijificha, na Metrine akasingiziwa."

Wawili watatu walicheka. Wengine waliangalia miguu yao. Mwalimu mkuu akamwomba Metrine msamaha mbele ya wote, beji ikabaki kifuani pake.

Metrine alikuja kushika upande mmoja wa shuka wakalikamua pamoja. "Ungeniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Niliapa kwa jina la mama yangu, na wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu." Apiyo alilia tu, na Metrine hakuachilia shuka.

Wiki ile Mama Seline alimpeleka Apiyo zahanati. Muuguzi alisema watoto wengi huwa hivyo, asinywe chai nyingi jioni, na aamshwe mara moja usiku. Mwalimu Irungu akaurefusha mlingoti, na kamba ya katani ikafungwa nyuma ya bweni kwa yeyote anayetaka kuanika bila kutazamwa.

Walipokuwa wakirudi kutoka zahanati, Mama Seline alimshika mkono.

"Kulowesha kitanda si kosa, mwanangu. Ni mwili, nao hutibiwa. Kosa ni kujua ukweli ukamwacha mwenzako aaibike badala yako, hata kwa siku moja. Aibu yako mwenyewe ungeweza kuibeba. Ile ya kumbebesha mwingine ndiyo iliyokufanya usile ile Alhamisi."

"Ndiyo, Mama," alisema Apiyo, na safari hii hakuinamisha kichwa.