Ngoma ya Bukundi Iliyofungwa Tupu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya pamba ya Bariadi pale Januarius alipokwenda kutoa ngozi ya ndama aliyoiloweka kwenye pipa. Fredrick, mfanyabiashara kutoka Mwanza, alisimama uani akizungusha funguo za pikapu kidoleni. Aliitaka ngoma yake, aliyoileta iwambwe ngozi mpya, kabla giza halijaingia, awahi treni kituo cha Malampaka.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Wanunuzi binafsi waligombania pamba, na mabwana kama Fredrick wakazunguka vijijini kutafuta ngoma za kale za kuwauzia watalii. Hii aliipata kijiji cha Bukundi. Akasema ni ngoma ya kuchezea tu.

Januarius alijua siyo. Matundu ya vigingi yalichomwa kwa chuma cha moto, na mti wenyewe ulikuwa umeiva kwa moshi na samli. Ngoma ya mtemi, hiyo. Alipoivua ngozi kuukuu ikatoka harufu... siyo ya vumbi. Ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Ndani mlikuwa na jiwe jeupe lililovishwa ushanga.

Marehemu baba yake, fundi kama yeye, alimfundisha: jiwe ndilo linalomtuliza mtemi aliyemo ndani, nalo likitoka lirudi kabla ya ngozi mpya. Ngoma ya mtemi ukiifunga tupu, itajitafutia yenyewe cha kukaa ndani.

"Litupe hilo," Fredrick alisema. "Mzungu hataki kitu kinachogongagonga."

Na Januarius, alivyozoea kutengeneza ngoma za kanisani zisizo na mambo hayo, si akacheka! Akalirusha jaani. Akawamba ngozi, akakaza kamba. Fredrick akaipakia, huyo akaondoka.

Mlangoni alikaa mkewe, Milembe, mjamzito wa miezi minane. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii waliing'ang'ania kwa sala na kwa mkunga Eufrasia, jirani yao, aliyekuja kuisikiliza kila asubuhi.

"Januarius," Milembe aliita kwa sauti ndogo. "Mtoto amenyamaza."

Eufrasia aliitwa, akaja mbio, kanga begani. Akatega sikio tumboni. Akalihamisha. Akatega tena.

Kimya.

Kisha akainua uso, akaangalia barabarani. "Nani anapiga ngoma kule?"

Tu-tu-tu-tu... Ndogo. Ya haraka.

Januarius nywele zikamsimama. Ngozi aliyoiwamba ilikuwa bado imelowa, na ngozi iliyolowa haitoi sauti hata uitwange kwa mchi.

"Mayu we, mama yangu!" Eufrasia alinong'ona. "Hiyo siyo ngoma. Huyo ndiye niliyemsikiliza asubuhi."

Januarius alipekua jaa kwa mikono miwili, akalipata jiwe, akatimua mbio za kufa na kupona. Hakuogopa uchawi. Aliogopa kurudi na kumkuta Milembe analia kama zile mara mbili.

Pikapu ilikuwa imesimama kwenye ghala la mwisho, milango wazi. Fredrick alichuchumaa ng'ambo ya barabara, jasho likimtiririka.

"Inajipiga," alisema. "Ichukue, ndugu yangu. Ichukue tu!"

Januarius aliweka kiganja juu ya ngozi. Ilikuwa na joto. Tu-tu-tu-tu... Akalegeza kamba, akaifunua.

Kitu kilimpita usoni, kama pumzi.

Halafu kimya.

Akalitumbukiza jiwe, akairudishia ngozi, akaiacha ngoma palepale na kukimbilia nyumbani.

Milembe alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Amecheza! Amenipiga teke, usiombe! Njoo ushike."

Januarius alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu. Eufrasia naye akatega sikio, akitabasamu. Tabasamu likamtoka. Akasimama, akamvuta fundi hadi nyuma ya jiko.

"Ni mzima," alinong'ona. "Ana nguvu sana."

"Sasa mbona umenivuta huku, mayu?"

"Yule wa asubuhi alikuwa mwepesi, wa haraka. Huyu anapiga mara moja... ananyamaza... anapiga tena. Kama mtu mzima." Akamshika mkono. "Mwanangu, ulipoifungua ile ngoma, una hakika ni nani aliyetoka?"

Januarius aligeuka kutazama barabarani, kule alikoiacha ngoma. Ndani, Milembe alikuwa ameshaanza kumchagulia mtoto jina.