Jogoo Tuliyempelekea Wakili

Kila asubuhi Kassimu hufungua duka lake mjini Kasongo. Hupanga sabuni, hupima chumvi, hutaniana na wateja. Binti yake Waridi alikuwa akimsalimia hapo akienda kazini. Alikuwa amemaliza masomo ya sheria, naye alikuwa akijifunza kazi kwa wakili mmoja, Maître Gérard.

Siku ya kwanza Kassimu alimpeleka mwenyewe. Alibeba jogoo mweupe, kama anavyofanya mzazi anayemkabidhi mtoto kwa fundi.

"Maître, huyu sasa ni mtoto wako," alisema.

Baada ya miezi miwili, Waridi alianza kuacha chakula. Jioni moja alisema, "Baba, Maître anafunga mlango tukiwa wawili. Ananishika kiuno. Nikikataa, anasema hatasaini karatasi yangu ya mafunzo."

Kassimu alimkumbuka jogoo.

"Mwanangu, nilikwisha kukukabidhi. Nirudi kusema nini? Vumilia. Vaa nguo ndefu."

"Nguo yangu inafika chini, Baba."

Wiki iliyofuata Waridi hakwenda kazini.

Jirani yao Régina, karani wa mahakama, alikuja kununua chumvi.

"Baba Waridi, binti iko mgonjwa?"

"Hapana. Amechoka kazi."

"Amechoka? Hata Dieudonnée tulisema amechoka."

Kassimu aliinamisha kichwa. Dieudonnée, msichana wa kijiji cha Wamaza, alijifunza kwa wakili yuleyule kabla ya Waridi. Alipoacha, Kassimu alicheka mbele ya wateja: "Mtoto wa Wamaza! Jembe limeshinda kalamu!"

Akamweleza Régina yote. Régina hakumgombeza.

"Jogoo ulitoa ili afundishwe kazi," alisema. "Mwili wake haukuwa ndani ya maneno yako. Kumshika bila yeye kutaka, kumtisha kwa karatasi, ni kosa. Sheria inaliadhibu, hata mutu akiwa wakili."

"Tufanye nini?"

"Waridi aandike tarehe, na kila alichoambiwa na kufanyiwa. Ujumbe wa simu asifute. Anaweza kumwandikia bâtonnier, mkubwa wa mawakili, kule Kindu. Anaweza pia kushtaki kwa mwendesha mashtaka. Lakini mwenye kuamua ni yeye. Kazi yako wewe ni kumwamini."

Jioni ile Kassimu alisema, "Waridi, nilimheshimu Maître kuliko wewe. Nisamehe."

Waridi alilia kwanza. Kisha akaomba kalamu.

Kassimu alipanda pikipiki mpaka Wamaza. Alimkuta Dieudonnée akimenya mihogo.

"Nilikucheka mbele ya watu," alisema, baada ya kumweleza yaliyompata Waridi. "Nimekuja kuomba msamaha."

Dieudonnée aliendelea kumenya.

"Baba, ungeniuliza siku ile, ningekuambia. Na Waridi asingeingia mle."

Kisha Dieudonnée naye aliandika ushuhuda wake.

Leo Maître Gérard amekatazwa na bâtonnier kupokea wanafunzi, na kesi yake mahakamani inaendelea. Waridi amepata ofisi nyingine. Huko mlango hubaki wazi, na kila mwanafunzi anaonyeshwa mapema mtu wa kumwambia akisumbuliwa. Waridi anakula vizuri tena. Dieudonnée hakurudi kwenye sheria. Alisema moyo wake ulikwisha kutoka huko.

Juzi mteja mmoja alicheka dukani. "Yule msichana wa famasia ameacha kazi. Wasichana wa leo wavivu, eh, Baba Waridi?"

Kassimu aliweka chini kopo la chumvi.

"Umemuuliza?"