Macho Yote Mtaa wa Birch

Majira ya baridi, Janelle Tollefson alikuwa na chakula kimoja ambacho hakuna aliyekilalamikia nyumbani kwake. Alichanganya nyama ya kusaga, maharage mabichi na supu nzito ya uyoga, akafunika kwa vipande vya viazi, akaoka vyote kwenye bakuli moja. Mumewe, Curt, alirudi kutoka kazi yake ya kusukuma theluji barabarani kwa gari la kaunti, akala huku buti zinachuruzika maji mlangoni. Binti yao Britta, wa miaka tisa, alirudi kwa miguu kutoka uwanja wa hoki ya barafuni, fimbo begani. Alitembea na wenzake, wakakatiza Mtaa wa Birch, wakirushiana theluji njia nzima.

Mwezi wa Januari polisi wa mji waliita mkutano katika ukumbi wa shule. Katika jimbo la Minnesota, mtu aliyefungwa kwa makosa ya ngono akimaliza kifungo, jina lake huingia katika rejesta ya serikali. Akipimwa na kuonekana kwamba hatari yake ni ya ngazi ya juu kabisa, wakazi wa mji anakohamia huitwa na kuambiwa. Safari hii mtu huyo aliitwa Wendell Krebs, na alikuwa anahamia Mtaa wa Birch.

Aliyesimama mbele alikuwa askari Pakou Lor. Wazazi wake walitoka Laos, lakini yeye alizaliwa papa hapa, na nyumba yake ilitazamana na ya akina Tollefson. Alionyesha picha ya Krebs, akaeleza makosa yake bila kuzunguka.

"Sasa mnamjua," Pakou alisema. "Ana afisa anayemtembelea bila taarifa. Haruhusiwi kukaa na watoto. Mkimwona anavunja masharti, tupigieni. Lakini mkimtishia au mkimvunjia vioo, mmevunja sheria nyinyi. Na mtu anayefukuzwa hujificha, basi hata sisi hatutajua aliko."

"Kwa hiyo tukae tu tumwangalie?" Curt aliuliza.

"Mmwangalie, ndiyo. Ila msimwangalie yeye peke yake. Watoto wengi wanaoumizwa, anayewaumiza ni mtu wanayemjua. Ndugu, jirani, rafiki wa nyumbani. Huyo hana picha ya kuonyeshwa hapa."

Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Watu walikuwa wameikodolea macho ile picha. Janelle mwenyewe aliipiga picha kwa simu, na aliporudi nyumbani akamwonyesha Britta. "Huyu ukimwona, kimbia," alimwambia. Hakuongeza neno.

Mwishoni mwa mkutano alisimama Gordy Aasen. Gordy alikuwa fundi umeme mstaafu, mtu wa kucheka na kila mtu. Alisimamia uwanja wa hoki kwa kujitolea na kunoa viatu vya barafu vya watoto bila kudai hata senti. Watoto walimwita Anko Gordy.

"Wazazi wenzangu, msihangaike," alisema. "Pikapu yangu ipo. Watoto wote wanaopita Birch nitawarudisha mimi. Huyo bwana akisogea uwanjani kwangu, atanitambua."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Janelle alimfuata pale pale kumshukuru.

"Ah, dada yangu, shukrani ya nini?" Gordy alisema. "Huyo Britta mwachie anko wake."

Basi watoto waliacha kutembea. Gordy aliwarudisha mmoja mmoja, na wa mwisho akawa Britta. Ilhali nyumba ya akina Tollefson ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na uwanja. Janelle aliliona jambo hilo. Aliliona wiki ya kwanza, akaliona tena iliyofuata, na kila mara akataka kuuliza. Lakini watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Mtu akikufanyia hisani, kumuuliza swali tunaona ni kumtukana. Tunamlipa kwa biskuti tu. Kwa hiyo Janelle alioka biskuti za siagi, akazipeleka uwanjani kwenye kopo.

Mwezi wa Februari Britta alianza kuumwa tumbo. Lilimuuma siku za hoki tu.

"Uvivu huo," Curt alisema. "Mimi umri wake nilikuwa nalala na fimbo kitandani."

"Naweza kurudi kwa miguu?" Britta alimuuliza mama yake siku moja, wakati Janelle anafuta meza.

"Kupitia Birch? Umesahau nani anakaa pale?"

"Yule hajawahi hata kunisemesha. Anko Gordy ndiye…"

"Anko Gordy anakurudisha bure kila siku, Britta. Uwe na adabu."

Mtoto alikaa chini kuvaa buti, akashika kamba asizifunge. Janelle alimtazama. Aligundua kwamba mtoto alikuwa ameanza kusema, na yeye ndiye aliyemziba mdomo. Aliweka kitambaa chini, akakaa sakafuni kando yake.

"Nimekukatiza," alisema. "Nimekosea. Ulitaka kuniambia nini?"

Britta alitazama buti zake. "Utakasirika."

"Sitakukasirikia."

"Ananipeleka ziwani kwanza. Kwenye kile kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu. Ananiweka mapajani ati niendeshe gari kwenye barafu. Mimi sipendi. Ananikumbatia sana. Akasema iwe siri yetu, kwa sababu mama akijua nilikuwa kwenye barafu atanitoa hoki."

Janelle alitaka kuuliza maswali mia, lakini hakujua lipi ni la kuuliza. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Leo huendi."

Curt alikuwa mlangoni, kasikia yote. Alikuwa tayari ameshika funguo za gari. "Nakwenda kumvunja miguu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kaa na mtoto, tafadhali," Janelle alimwambia. "Nakwenda kwa Pakou."

Alivuka barabara bila koti. Pakou alikuwa hajavaa sare. Alikuwa jikoni anakata kabichi. Alimsikiliza Janelle mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Umemuuliza mtoto mambo mengi?"

"Hapana. Niliogopa."

"Umefanya vizuri. Ukimuuliza sana, unaweza kumwekea maneno mdomoni bila kukusudia. Mwambie mambo mawili tu: unamwamini, na yeye hana kosa. Umempigia Gordy?"

"Bado. Nilidhani labda nimpigie, anieleze. Huenda ni mambo ya kucheza tu. Pakou, nimetafuta jina lake kwenye rejesta ya serikali. Hayumo."

"Mle wamo waliokwisha kutiwa hatiani na mahakama," Pakou alisema. "Krebs naye kabla hajakamatwa hakuwemo. Rejesta inasaidia, lakini inakuonyesha wa jana tu. Jina la mtu kutokuwemo si cheti cha wema."

Janelle alianza kulia. "Nilikuwa nakwepa mtaa mzima kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu mtoto wangu nikampandisha mwenyewe kwenye gari la mwingine. Nikampelekea na biskuti."

"Watu wa namna hii hawamzoei mtoto kwanza. Humzoea mzazi. Wanakuwa wema mpaka unaona haya kuwauliza. Kumweka mtoto peke yake, kumtunzisha siri, kumshikashika kidogo kidogo. Hizo ndizo dalili, hata kama mtu ana sura nzuri."

"Na kama nimekosea? Nitamtazamaje kanisani?"

"Si kazi yako kujua kama ana kosa. Kazi yako ni kutoa taarifa. Kuchunguza ni kazi ya polisi na ya ofisi ya watoto ya kaunti. Ukimpigia sasa, utampa nafasi ya kujipanga. Na mwambie mumeo aache funguo. Akimpiga, ataingia ndani yeye, na Britta atadhani ni yeye aliyemponza baba yake."

Walipiga simu kaunti pale pale jikoni, kabichi ikiwa nusu. Kisha Janelle alirudi nyumbani. Curt alikuwa amekaa kwenye kochi, Britta amemlalia begani. Janelle alimwambia mtoto yale mambo mawili aliyofundishwa, na Britta akauliza, "Kwa hiyo sitatolewa hoki?"

"Hutatolewa," Curt alisema.

Siku chache baadaye walimpeleka katika kituo cha watoto katika mji wa jirani. Mwanamke aliyesomea kazi hiyo alizungumza naye katika chumba chenye midoli. Mazungumzo yalirekodiwa, ili mtoto asilazimike kurudia hadithi hiyo kwa kila askari na kila wakili. Wazazi walingoja nje, wakinywa kahawa mbaya.

Mji ulipasuka. Gordy alisimamishwa uwanjani uchunguzi ukiendelea, na wapo waliomwona Janelle mtu asiye na shukrani. Mwanamke mmoja alihama kiti kanisani asikae naye. Janelle aliumia, tena sana. Usiku alijiuliza kama amemharibia mzee wa watu jina. Lakini asubuhi alimwona Britta anakula uji wake bila kushika tumbo, akajikaza.

Halafu mama mwingine alikwenda polisi. Mwanawe naye aliwahi kupelekwa ziwani, mwaka wa nyuma. Baada yake akaja wa tatu. Kabla ya kiangazi Gordy alikiri mahakamani, na jina lake likaandikwa katika rejesta.

Wendell Krebs aliendelea kukaa Birch. Afisa wake aliendelea kumtembelea, na hakuna aliyemvunjia kioo. Janelle hakumpenda, wala hakuna aliyemwambia ampende. Watoto waliijua sura yake, walijua wasiingie kwake, na walijua wamwambie nani wakiona jambo. Walianza tena kutembea kwa makundi. Uwanjani wazazi walipitisha kanuni mpya: mtu mzima hapakii mtoto mmoja peke yake garini, hata awe nani. Na swali lolote la mzazi lijibiwe, bila mtu kununa.

Nyumbani, Janelle aliacha kusema "kimbia" tu. Alimfundisha Britta kwamba mwili wake ni wake. Alimfundisha kwamba jambo la kufurahisha watu, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, linaweza kufichwa kwa muda, lakini siri ya mtu mzima ya kumficha mama haifichwi. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya pili Britta alimwambia, "Mama, umeshasema hayo," na wote wawili wakacheka.

Siku ya Shukrani, sikukuu ya familia ya mwezi wa Novemba, baba yake Janelle alikuja kula bata mzinga. Babu Arvid ni mtu mwema. Hakumkosea mtoto hata siku moja. Aliingia na theluji mabegani, akapanua mikono.

"Haya, busu la babu liko wapi?"

Britta alikuwa anapanga uma mezani. "Leo hapana, babu," alisema.

Shangazi yake Britta, dada wa Curt, alitabasamu lile tabasamu letu la kumaanisha mtoto huyu hakulelewa. Maneno ya kale yalimjia Janelle mdomoni yenyewe: uwe na adabu. Aliyameza.

"Amesema hapana, baba," alisema.

Babu Arvid alimtazama binti yake, kisha mjukuu wake. Taratibu akavua glavu, akanyoosha mkono. Britta aliupokea, akautikisa kwa nguvu zake zote, mpaka mzee akaomba aachiwe bega lake.