Jicho la Ndege wa Pili

Haya yalimkuta rafiki yangu Grigore, huku kwetu Maramuresh. Yeye hujifurahisha kwa kukata nakshi za mbao kwa msumeno mdogo wa umeme, katika chumba cha chini ya nyumba kisicho na dirisha. Mkewe, Safta, alipolazwa mahututi, alimkatia ndege wawili wanaotazamana. Wa pili akamwacha bila jicho.

"Shemeji, ndege wako ana chongo! Si ummalizie?" alitania Ruxandra, mdogo wake Safta, aliyemletea supu.

"Niache, shemeji. Nimeapa kulikata jicho siku dada yako akirudi nyumbani. Nikilikata kabla, ndiyo basi tena, harudi."

Ruxandra akapanda ngazi. Mara umeme ukakatika, giza totoro. Grigore akapapasa, akachomoa waya wa msumeno, kama kawaida yake, usije ukawaka wenyewe. Ndipo akausikia msumeno: kre, kre, kre, ukila ubao taratibu.

"Acha! Nakusihi, acha!" alilia, asijue anamsihi nani.

Kitu kidogo kikadondoka sakafuni. Kimya.

Umeme uliporudi, ndege alikuwa na jicho. Grigore akagusa meno ya msumeno, yakamuunguza kidole. Waya alikuwa bado ameushika mkononi.